Tunaishi kando ya bwawa lenye aligeta, na jirani yetu anamlisha: tufanye nini?

Mstaafu Mgeni aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi na mume wangu tulistaafu mwaka jana baada ya kufanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani. Tuliuza nyumba yetu, tukahamia katika kijiji cha wastaafu kilichoko Kaunti ya Lee, kusini-magharibi mwa Florida, ambako karibu kila mkazi ametimiza miaka 55 au zaidi. Nyuma ya nyumba yetu kuna kibaraza kilichozungushiwa wavu, kisha nyasi kama hatua ishirini hivi, kisha bwawa, na ndani ya bwawa hilo anaishi aligeta mmoja. Yeye ni jamaa wa mamba tunaowajua sisi, ila pua yake ni pana na butu, na akifunga mdomo meno ya taya la chini hayaonekani.

Mwanzoni sikumwogopa sana. Alikuwa akiota jua ng'ambo ya bwawa, na kila mtu aliposogea alizama kimya kimya, tukabaki kuona viputo tu. Miezi miwili iliyopita mambo yalibadilika. Jirani yetu, mzee mwenye umri uliopita miaka 80, ambaye mkewe alifariki kabla hatujahamia, ana desturi ya kushuka hadi ukingoni kila jioni na kumrushia mabaki ya kuku na vichwa vya samaki. Amempa hata jina, na huzungumza naye kama mtu anavyozungumza na paka wake. Sasa mnyama yule hazami tena akituona. Nikisimama kwenye nyasi, hata nikiwa mikono mitupu, anageuza kichwa na kuogelea polepole kuja upande wangu.

Tuna mbwa mdogo, na wajukuu wetu wawili watakuja mwezi wa sita. Nilipowauliza viongozi wa chama cha wamiliki wa nyumba, nilijibiwa kwamba aligeta ni sehemu ya mazingira ya Florida na kwamba nikiwa na wasiwasi niwasiliane na mamlaka ya wanyamapori. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alininong'oneza kwamba nikipiga simu hiyo, mnyama atauawa, na mzee yule hatanisamehe. Mume wangu, aliyekulia kando ya Mto Tana, anaona haya yote kuwa mzaha, kwa kuwa kwao mamba ni yule anayemburuta ng'ombe mtoni mchana kweupe. Nawaomba wenye uzoefu wa huku mnieleze: hatari ni kubwa kiasi gani, je, ni kweli kwamba atauawa, na ninaanzaje kulizungumza jambo hili na mzee wa watu bila kumvunjia heshima?

---

Mwenyeji wa Zamani alijibu:

Dada, karibu Florida. Nimeishi huku miaka kumi na minane, na mabwawa matatu yanaonekana kutoka dirishani kwangu, kwa hiyo nitajaribu kukujibu kwa kirefu.

Kwanza, msijidhanie kwamba mmepata bahati mbaya ya kununua nyumba penye mnyama huyo. Jimbo hili lina kaunti 67, na aligeta wanapatikana katika kila moja. Makadirio ya Tume ya Florida ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori, ambayo watu huiita FWC, ni aligeta wapatao milioni 1.3. Mwaka 1967 mnyama huyu aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya uwindaji wa ngozi, na mwaka 1987 ikatangazwa kwamba idadi yake imerejea. Katika miongo hiyo hiyo, mamia ya vijiji vya wastaafu vilijengwa juu ya ardhi iliyokuwa vinamasi. Ardhi ya huku ni tambarare na maji yako karibu sana na uso wake, kwa hiyo mjenzi huchimba bwawa la kupokea maji ya mvua, na udongo anaoutoa humo huutumia kuinua misingi ya nyumba. Bwawa analouza kama mandhari ya kupendeza ni mfereji wa mvua uliopewa sura nzuri. Mabwawa hayo huunganishwa kwa mabomba yanayopita chini ya barabara, nao aligeta huyatumia mabomba hayo kama sisi tunavyotumia barabara yenyewe.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Ni kweli, mara nyingi atauawa, na ni vyema ulijue hilo kabla hujapiga simu badala ya kulijua baadaye. Namba ya huduma ya aligeta wasumbufu ni 866-392-4286. Utaulizwa urefu wake, mahali alipo na anachofanya. Mnyama huhesabiwa kuwa msumbufu akiwa na urefu wa angalau futi 4, na ikiwa anaaminika kuwa tishio kwa watu, wanyama wa kufugwa au mali. Wakiridhika, humtuma mtegaji mwenye mkataba na tume, ambaye kipato chake hutokana zaidi na kuuza ngozi na nyama ya mnyama anayemkamata. Wengi huuliza kwa nini asipelekwe mbali porini. Sababu ni kwamba aligeta aliyehamishwa hujaribu kurudi alikotoka, akivuka barabara na viwanja vya watu njiani, na popote utakapompeleka atakuta pana wengine wenye eneo lao.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wenu hawakukwambia. Mtegaji hawezi kuingia kwenye mali ya watu binafsi bila ruhusa ya mwenyewe, na bwawa hilo, kwa kawaida, ni mali ya chama chenu. Kwa hiyo maneno ya "piga simu mwenyewe" hayawaondoi wao katika suala hili. Waandikie barua, uhifadhi nakala, na uulize waziwazi kama wametoa ruhusa.

Kuhusu ukubwa wa hatari, usikubali kutishwa wala kulazwa usingizi. Tume hiyo hukadiria kwamba uwezekano wa mkazi wa Florida kujeruhiwa vibaya na aligeta ambaye hakumchokoza ni takriban mmoja kati ya milioni 3.1, na wastani wa miaka ya karibuni ni watu wanane hivi kwa mwaka wanaong'atwa kiasi cha kuhitaji matibabu. Lakini hesabu hiyo ni ya jimbo zima, pamoja na watu wanaoishi ghorofa ya ishirini katikati ya Miami. Mtu mwenye mbwa mdogo, kando ya bwawa, karibu na mnyama anayelishwa kila jioni, hayumo katika wastani huo.

Kulishwa ndiko kunakobadilisha kila kitu. Aligeta wa kawaida humkwepa binadamu, na kule kuzama ulikokuwa ukikuona mwanzoni kulikuwa dalili ya afya, nafsi ya mnyama ikimwambia kwamba kiumbe mrefu mwenye miguu miwili ni wa kuogopwa. Akilishwa mara chache tu, woga huo hufutika, na yeye hajui kutofautisha mkono wenye kuku na mkono mtupu. Ndiyo maana sheria ya Florida inakataza kuwalisha, na adhabu huongezeka kwa anayerudia kosa. Kutupa mabaki ya samaki ndani ya maji nako hufundisha somo lile lile, hata kama mtupaji hakumkusudia aligeta. Wapo pia wanaolisha bata ukingoni wakidhani hawana kosa, kumbe wanaandaa meza.

Jioni utakapomwona ameinua kichwa juu ya maji, tazama umbali kati ya macho na ncha ya pua. Kila inchi moja hapo ni kama futi moja ya urefu wake mzima. Ukikadiria inchi saba, basi ni wa futi saba. Kadiria ukiwa kibarazani, tafadhali, si ukiwa kwenye nyasi.

---

Mhudumu wa Wazee alijibu:

Naunga mkono aliyotangulia kusema ndugu yetu, ila naomba niongeze upande ambao nauona kila siku kazini, kwa kuwa nimehudumia wazee majumbani mwao kwa miaka mingi katika jimbo hili.

Watu wanapozungumzia aligeta, fikra zao huwa kwenye taya. Mimi fikra zangu huwa kwenye ukingo. Kingo za mabwawa haya zina mteremko, nyasi zake hukatwa hadi kwenye maji, na asubuhi huwa zimelowa umande. Kijana akiteleza pale hupiga kite na kusimama. Mtu wa miaka 80 aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga akiteleza, hasimami.

Angalieni matukio matatu yaliyotangazwa sana. Mwezi Julai 2022, huko Englewood katika Kaunti ya Sarasota, mwanamke mwenye umri wa miaka 80 alianguka ndani ya bwawa lililo kando ya uwanja wa gofu, akashindwa kujiokoa, na aligeta wawili wakamshambulia. Mwezi uliofuata, huko Bluffton katika jimbo la South Carolina, mwanamke wa miaka 88 aliyekuwa akishughulikia bustani yake katika kijiji cha wastaafu inaaminika aliteleza akaingia bwawani. Februari 2023, huko Fort Pierce, mwanamke wa miaka 85 alikuwa akitembea na mbwa wake mdogo kando ya maji katika kijiji cha wastaafu, na aligeta mwenye urefu wa zaidi ya futi 10 akatokea. Wote watatu walifariki. Wawili kati yao walikuwa tayari majini au wakielekea majini kabla mnyama hajahusika, na wa tatu alikuwa na mbwa.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujalishughulikia suala la jirani, shughulikia nyasi zako hizo hatua ishirini. Mwombe mume wako apande safu ya vichaka au matete, kwa idhini ya chama, ili mguu usifike kwenye maji kwa bahati mbaya. Mbwa asitembezwe kamwe upande ule, awe amefungwa kamba au asiwe amefungwa, kwa sababu machoni pa aligeta mbwa mdogo anafanana kabisa na windo lake la kawaida. Kamba ndefu, ile inayojivuta na kujikunja, ni mbaya zaidi, maana mbwa hufika majini wakati wewe uko nyuma umeshika mpini. Saa za kati ya machweo na mapambazuko ndizo ambazo aligeta huhangaika zaidi, na ndizo saa ambazo wastaafu wengi hupenda kumtoa mbwa kwa sababu ya joto. Hapo ndipo ratiba mbili hukutana.

Nilikuwa na mzee mmoja niliyemhudumia, msomi, mtu wa busara zake. Kofia yake ilipeperushwa na upepo ikatua kwenye maji, hatua mbili tu kutoka ukingoni, naye akaanza kuinama aifuate. Nilimshika mkanda wa suruali. Alinikasirikia siku nzima, akaniuliza kama namwona mtoto mdogo. Kesho yake aliagiza kofia mbili mpya na kuniambia moja ni ya aligeta. Simulizi hii si ya kutisha, na hata aligeta mwenyewe hakuonekana siku ile, ila ndivyo ajali hizi zinavyoanza: kofia, mpira wa gofu, ndoo ya kumwagilia maua.

---

Mtu wa Bara alijibu:

Mimi naona mnazunguka. Mnyama anakuja kwako ukisimama, wajukuu wanakuja mwezi wa sita, na bado mnajadili hisia za jirani? Piga simu leo. Na kama bwawa ni hatari kiasi hicho, chama kimwondoe kila aligeta aliyemo, mambo yaishe.

---

Mwenyeji wa Zamani alijibu:

Ndugu, katika hilo la kupiga simu tuko pamoja. Katika hilo la kuwaondoa wote, haliwezekani kwa namna unayoidhani. Zipo taratibu ambazo chama kinaweza kuomba ili aligeta wapunguzwe katika eneo lake, lakini bwawa lililoachwa tupu ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Msimu wa kupandana, kuanzia mwezi Aprili hadi Juni, madume hutembea mbali, na wadogo wanaofukuzwa na wakubwa hutafuta pa kukaa. Utamwondoa wa futi saba, na baada ya miezi michache atafika mwingine kupitia bomba. Swali la kujiuliza ni yule mgeni atakuta nini: watu wanaojiweka mbali na ukingo, au mzee mwenye sahani ya kuku.

Hata hivyo, kwa wajukuu wa dada yetu kuna jambo la kuzingatia. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai majike hutaga, mayai kama 35 hivi katika kichuguu cha majani na matope, na vifaranga huanguliwa kati ya katikati ya Agosti na mwanzo wa Septemba. Mtoto akiokota kifaranga chenye mistari ya manjano, kitalia, na mama yake atakuja. Wakatazwe kabisa kugusa kitu chochote ukingoni, hata kiwe kidogo namna gani. Kumshika au kumsumbua aligeta, mkubwa kwa mdogo, ni kosa kisheria pia.

---

Mstaafu Mgeni aliandika:

Nawashukuru sana. Nimewasomea wote kwa sauti mezani, na mume wangu amekubali kwamba aligeta si mamba wa Tana lakini pia si kenge. Ana swali lake moja. Aliambiwa na wenzake wa gofu kwamba ukifukuzwa na aligeta ukimbie kwa kupindapinda, kushoto na kulia, kwa kuwa mnyama hawezi kugeuka haraka. Je, ni kweli?

---

Mhudumu wa Wazee alijibu:

Mwambie shemeji kwamba hadithi hiyo haina msingi, na kwa watu wa rika letu ina madhara. Aligeta ana kasi kwa umbali mfupi sana tu, na ni nadra mno amfukuze mtu nchi kavu. Yeye ni mviziaji wa pale maji yanapokutana na ardhi. Ukimwona amekugeukia, ondoka moja kwa moja, kwa njia fupi kuliko zote, mbali na maji. Mzee wa miaka 70 anayepindapinda kwenye nyasi zilizolowa ataanguka bila msaada wa aligeta.

Shemeji akimsikia aligeta anatoa sauti kama ya nyoka, ya kukoroma kwa hewa, hilo ni onyo kwamba shemeji amemkaribia mno, na arudi nyuma. Na ikitokea Mungu apishe mbali akamkamata mtu, mtu huyo apigane kwa nguvu zake zote, apige macho na pua, kwa sababu mara nyingi aligeta huliachia windo linalomsumbua. Jeraha lolote, hata dogo, lipelekwe hospitali, kwani mdomo wake una vijidudu vinavyoozesha kidonda upesi.

Kuhusu mzee jirani, naomba ruhusa yako nikushauri kama mtu wa kazi hii. Usimpelekee barua wala sheria kwanza. Mpelekee chai. Mtu anayempikia aligeta kila jioni ana saa moja ya jioni ambayo hajui aifanyie nini.

---

Mstaafu Mgeni aliandika, wiki saba baadaye:

Nimerudi kuwapa taarifa kama desturi inavyotaka.

Tulimwalika mzee kwa chakula cha jioni, saa ile ile ambayo yeye hushuka bwawani. Alikuja na picha za marehemu mkewe. Tulipofika kwenye kahawa, mume wangu, ambaye nilidhani angeharibu, alimweleza taratibu jinsi alivyompoteza rafiki yake wa utotoni mtoni Tana, jambo ambalo katika miaka yetu yote ya ndoa hakuwahi kunisimulia mimi. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama akiacha kumlisha, mnyama atasahau. Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba sikutaka kumdanganya.

Aliacha, kwa kweli aliacha. Lakini mnyama aliendelea kuja. Asubuhi moja nilimkuta ametoka majini, yuko nusu ya nyasi, ametazama mlango wa mzee. Siku hiyo hiyo niliandika barua kwa chama, wakatoa ruhusa baada ya siku nne, nikapiga simu. Mtegaji alikuja na ndoano, kamba na mkanda wa gundi wa kumfungia mdomo, akamaliza kazi kabla ya saa sita mchana. Alikuwa wa futi saba na inchi tano. Nilisimama kibarazani nikamwona mzee amesimama kwenye kibaraza chake, amevaa shati la kutokea, kama mtu aliyekuja mazikoni. Kwa wiki mbili hakujibu salamu yangu, na sikumlaumu.

Tumepanda matete. Mbwa sasa hutembezwa upande wa barabara, saa tatu asubuhi, na wajukuu walikuja wakaondoka wakiwa na hasira kwamba hawakuona aligeta hata mmoja.

Jumapili iliyopita mzee aligonga mlango, bila kusalimu, akaniuliza, "Umemwona?" Tulikwenda hadi kwenye wavu wa kibaraza. Ng'ambo ya bwawa palikuwa na mwingine, mfupi, labda futi nne, bado ana michirizi hafifu ubavuni. Mume wangu alifungua mlango kwa kishindo, na yule mdogo akazama papo hapo. Mzee alitazama viputo mpaka vikaisha, kisha akaomba chai.